Mpaka wa Barabara ya Sitini na Moja

Upande wa kusini wa jiji la Chicago, barabara nyingi zimepewa namba badala ya majina, na namba hupanda kadiri mtu anavyoelekea kusini. Baina ya Barabara ya 59 na ya 60 umetandazwa ukanda mpana wa majani uitwao Midway, wenye urefu wa karibu maili moja, unaoziunganisha bustani mbili kubwa: ya Jackson upande wa mashariki, ufukweni mwa Ziwa Michigan, na ya Washington upande wa magharibi. Kaskazini ya majani hayo, katika mtaa wa Hyde Park, yamesimama majengo ya mawe ya kijivu yenye minara na madirisha ya kuchongwa, yaliyojengwa kwa kuiga Oxford na Cambridge. Hicho ndicho Chuo Kikuu cha Chicago. Kusini yake upo mtaa wa Woodlawn. Mtu mwenye miguu yake huuvuka ukanda ule kwa dakika chache. Lakini historia ya kuuvuka imechukua zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa katika hati: hati za nyumba, hati za ramani, hati za mahakama.

Kiswahili kinatumia neno moja, mtaa, kwa njia ipitayo baina ya nyumba na kwa watu wakaao pande zake zote mbili. Aliyesema anatoka mtaa fulani amekwisha kusema majirani zake ni nani. Huko Chicago njia ni kitu kimoja na watu ni kitu kingine, na njia iliweza kutumiwa kuwatenga watu. Msomaji akilishika hilo, yaliyosalia yatamwelea.

Chuo kiliasisiwa mwaka 1890 kwa ahadi ya dola 600,000 kutoka kwa John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, na kwa eka 10 za ardhi alizozitoa Marshall Field, tajiri wa maduka. Masomo yalianza Oktoba 1892. Mwaka uliofuata dunia nzima ilikuja mlangoni pake, kwani Maonyesho ya Dunia ya 1893 yalifanyika katika Bustani ya Jackson, na Midway ikageuzwa uwanja wa burudani, na juu yake likazunguka gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani lililobuniwa na George Ferris. Chini ya gurudumu hilo palijengwa vijiji vya maigizo, kimojawapo cha watu wa Dahomey waliowekwa watazamwe kwa kiingilio. Frederick Douglass na Ida B. Wells waligawa kijitabu wakiuliza kwa nini Wamarekani Weusi wenyewe hawakupewa nafasi katika maonyesho yaliyodai kuonyesha maendeleo ya nchi yao. Suali hilo liliulizwa hatua chache tu kutoka kwenye madarasa mapya, na hapakuwa na dalili kwamba madarasa yamelisikia.

Isidhaniwe kwamba chuo hicho hakikuijali jamii. Kilijali mno, ila kilipenda kujali kwa mbali. Mwaka 1894 kilifungua nyumba ya huduma karibu na machinjio makubwa ya jiji, maili kadhaa upande wa magharibi, chini ya uongozi wa Mary McDowell, mwanamke shupavu aliyeishi humo miongoni mwa wafanyakazi wahamiaji kutoka Ulaya na kupigania usafi wa mitaro yao. Chuo kilikuwa pia cha kwanza Marekani kuwa na idara ya sosholojia, na kufikia miaka ya 1920 wanazuoni wake, Robert Park na Ernest Burgess wakiwa mbele, walikuwa wameufanya mji wenyewe kuwa maabara. Mwaka 1925 Burgess alichapisha mchoro wake mashuhuri unaougawa mji katika duara moja ndani ya jingine, kila duara na watu wa daraja lake, na watu wapya wakiwasukuma wa zamani kutoka duara la ndani kwenda la nje. Wanafunzi walitumwa mitaani na madaftari. Walihesabu vyumba, wakahesabu wageni, wakahesabu vijana wahalifu. Ulikuwa ujuzi wa kweli, na vitabu vilivyotokana nao vingali vinasomwa. Lakini mchoro wa Burgess ulikuwa na kasoro moja: ulieleza kusukumana kwa watu kana kwamba ni maji yanayofuata mteremko, ilhali mteremko ule ulikuwa na watu waliouchimba.

Kati ya 1910 na 1930 Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya kusini, wakikimbia mashamba ya pamba na kamba ya wanyongaji, waliongeza idadi ya watu weusi wa Chicago kutoka takriban 44,000 hadi takriban 234,000. Walibanwa katika ukanda mwembamba wa kusini ulioitwa Ukanda Mweusi, nyumba moja ikikatwakatwa vyumba vya familia tano na sita, kodi ikipanda kwa sababu mpangaji hana pa kwenda. Kilichowabana hakikuwa sheria ya bunge. Kilikuwa hati. Wenye nyumba wa mtaa waliandikiana mkataba, ukasajiliwa pamoja na hati ya kiwanja, kwamba hakuna atakayemuuzia wala kumpangisha mtu mweusi. Na aliyevunja mkataba, jirani yake angeweza kumpeleka mahakamani na mahakama ikamtoa mpangaji nje. Mwaka 1927 bodi ya wauzaji wa nyumba wa Chicago ilitunga mfano wa mkataba huo ili kila mtaa uunakili. Mikataba ilienea hata ikauzingira Ukanda Mweusi pande zote.

Hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia, si kwa maandiko ya maprofesa wake bali kwa daftari la hesabu zake. Vyama vya wenye nyumba vilivyoilinda mikataba hiyo, katika Woodlawn na Hyde Park, vilipata fedha kutoka chuoni. Kati ya 1933 na 1947 chuo kilitumia zaidi ya dola 80,000 katika fungu lililoitwa maslahi ya jamii, na sehemu kubwa ya fungu hilo ilikwenda katika kuilinda mikataba ya rangi. Jina la fungu linastahili kusomwa mara mbili. Maslahi yalikuwa ya nani, na jamii ilikuwa ipi? Wakati huo huo chuo kiliwafundisha wanafunzi weusi wawili, St. Clair Drake na Horace Cayton, ambao mwaka 1945 walitoa kitabu kikubwa kuhusu Ukanda Mweusi kiitwacho Black Metropolis. Mkono mmoja wa chuo ulilipia ukuta, na mwingine ukawafundisha watu kuupima urefu wake.

Mwaka 1937 mfanyabiashara mweusi aitwaye Carl Hansberry alinunua nyumba nambari 6140 katika Barabara ya Rhodes, ndani ya eneo la Woodlawn lililokuwa na mkataba. Alijua anachokifanya, na nyuma yake walikuwepo mawakili wa chama cha kutetea haki za watu weusi. Aliingia na mkewe Nannie na watoto wao wanne, wa mwisho akiwa binti aitwaye Lorraine, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka minane. Watu walikusanyika mbele ya nyumba. Tofali lilirushwa likapenya dirishani, nusura limpate mtoto huyo. Miaka mingi baadaye Lorraine alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akizunguka nyumba usiku kucha na bastola ya Kijerumani iliyojaa risasi, akiwalinda wanawe wanne, ilhali baba yuko mbali akipigania kesi. Watoto walitemewa mate na kupigwa njiani kwenda na kurudi shule.

Mahakama za jimbo la Illinois ziliamuru familia itoke. Mahakama Kuu ya Marekani, Novemba 1940, ikaitengua amri hiyo, lakini namna ilivyoitengua ndiyo yenye kustaajabisha. Mkataba wenyewe ulisema hautakuwa na nguvu mpaka utiwe saini na wenye asilimia 95 ya viwanja vya eneo, na ukweli ni kwamba waliotia saini hawakuwa hata asilimia 60. Katika kesi ya awali, baina ya watu wengine kabisa, pande mbili zilikubaliana kwa maneno tu kwamba idadi imetimia, na mahakama za Illinois zikaishika kauli hiyo na kumfunga nayo Hansberry. Mahakama Kuu ikasema mtu hafungwi kwa kesi ambayo hakuwamo. Haikusema kwamba mkataba wa kumtenga mtu kwa rangi yake ni batili; hilo liliachwa lisubiri hadi 1948, katika kesi nyingine, ambapo mahakama zilizuiwa kuitekeleza mikataba ya aina hiyo. Carl Hansberry hakuiona siku hiyo. Alikwisha fariki mwaka 1946 nchini Mexico, alikokuwa akijitayarisha kuihamishia familia yake, amekata tamaa na nchi aliyoishinda mahakamani.

Binti yule aliyekoswa na tofali ndiye Lorraine Hansberry, na tamthilia yake A Raisin in the Sun, inayohusu familia nyeusi ya Chicago iliyonunua nyumba katika mtaa wa Wazungu, ilifunguliwa Broadway Machi 1959, ya kwanza ya mwanamke mweusi kuonyeshwa katika kumbi hizo. Ami yake, William Leo Hansberry, alikuwa miongoni mwa wasomi wa mwanzo wa Marekani kuifundisha historia ya kale ya Afrika katika chuo kikuu, na haikuwa sadfa kwamba katika tamthilia ile mwenye kuuliza masuali magumu ni kijana Mnaijeria. Lorraine alifariki Januari 1965, umri wake miaka 34.

Baada ya 1948 mikataba ilipoteza meno, na watu weusi wakaanza kuingia Hyde Park. Mwaka 1950 walikuwa takriban asilimia 6 ya wakazi wa mtaa huo. Kufikia 1956 walikuwa zaidi ya theluthi. Wazungu wengi wakahama. Idadi ya wanafunzi ikashuka, maprofesa wakawa wagumu kupatikana, na wakuu wa chuo wakafikiria hata kukihamisha. Walipoamua kubaki, waliamua kubaki kwa masharti yao. Mwaka 1952, baada ya tukio moja la uhalifu lililoitikisa jamii ya chuo, iliundwa tume ya Kusini-Mashariki ya Chicago, chuo kikiwa ndio mhimili na mfadhili wake mkuu, na mtendaji wake akawa mwanasheria Julian Levi. Mkuu wa chuo alikuwa Lawrence Kimpton. Levi hakuwa mtu wa madaftari ya sosholojia. Alikuwa mtu wa vifungu vya sheria. Aliwaandama wenye nyumba waliozijaza watu kupita kiasi, akazishinikiza benki na mashirika ya bima, na sheria zilipokosa kutosha alisaidia kuzitungisha nyingine.

Chombo kilichopatikana kiliitwa ufufuzi wa mji. Jiji lilinunua nyumba kwa nguvu ya sheria, likazibomoa, likawauzia wajenzi ardhi iliyosafishwa, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na serikali kuu. Ubomoaji ulianza 1955, na mpango mkubwa wa Hyde Park na Kenwood ukapitishwa na Baraza la Jiji Novemba 1958. Maelfu ya familia zilihamishwa, nyeusi kwa nyeupe, na masikini zaidi kuliko wote, na nyumba za bei nafuu zilizojengwa badala yake zilikuwa chache mno. Monsinyori John Egan wa Kanisa Katoliki alisimama karibu peke yake miongoni mwa wakubwa wa jiji akasema waziwazi kwamba mpango huo hauwajali waliomo. Katika Barabara ya 55 palikuwa na maduka madogo, migahawa, baa na vilabu vya jazi vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Vilifagiliwa, na katikati ya njia iliyopanuliwa yakasimamishwa majengo mawili marefu ya saruji yaliyochorwa na I. M. Pei, magari yakipita huku na huku, hata watu wa mtaa wakayapa jina la utani la Kisiwa cha Moshi. Mji unaweza kujengewa nyumba mpya kwa miaka mitatu. Barabara yenye ngoma zake haijengwi na mtu yeyote.

Haki ilazimu kusema kwamba Hyde Park ilibaki na mchanganyiko wa rangi wakati mitaa mingi ya Marekani ilikuwa ikigeuka rangi moja kwa muda wa miaka mitano. Wapo waliojivunia jambo hilo, na hawakuwa waongo. Lakini mchanganyiko huo ulichujwa kwa mfuko: alibaki mweusi mwenye kazi ya ofisini, akaondoka mweusi na mweupe wa kibarua. Na hata mweusi msomi hakusalimika. St. Clair Drake, mwandishi wa kile kitabu kikubwa, alikuwa akikaa kusini-magharibi ya Hyde Park, katika eneo ambalo chuo kililitaka kwa ajili ya nyumba za wanafunzi wenye ndoa. Akawa miongoni mwa walioongoza upinzani wa wakazi, na wakashindwa. Baada ya hapo alikwenda Ghana kuiongoza idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Ghana, akawafundisha vijana wa taifa jipya namna ya kuutazama mji.

Mwaka 1959 Levi alifanikisha jambo ambalo athari yake ilivuka mipaka ya Chicago. Sheria ya makazi ya mwaka huo ilipata kifungu kilichoruhusu fedha ambazo chuo kikuu chochote kinazitumia kununua ardhi jirani zihesabiwe kuwa mchango wa jiji, na kwa mchango huo serikali kuu itoe fedha nyingi zaidi. Tangu hapo kila meya wa Marekani mwenye chuo kikuu mjini mwake alikuwa na sababu ya kukitakia upanuzi. Mwezi Julai 1960 chuo cha Chicago kikatangaza kwamba kinataka kipande cha Woodlawn: ukanda baina ya Barabara ya 60 na ya 61, upana wa kitalu kimoja, urefu karibu maili moja. Kwenye ramani ulionekana mwembamba kama utepe. Waliokaa ndani ya utepe huo hawakuulizwa.

Woodlawn ya wakati huo ilikuwa na zaidi ya watu 81,000, karibu wote weusi, wengi wao wapangaji, na Barabara ya 63 ikinguruma chini ya reli ya juu na maduka yake. Wachungaji wa Kiprotestanti na padri Mkatoliki wa mtaa huo waliona mwisho wa Hyde Park ukija kwao. Wakamwita Saul Alinsky. Huyu alikuwa mtoto wa Chicago na mwanafunzi wa zamani wa chuo kile kile, aliyekaa darasani kwa Burgess, kisha mwaka 1939 akawaunganisha wafanyakazi wa machinjio katika baraza la mtaa wao, mahali pale pale ambapo Mary McDowell aliwahi kuwahudumia. Tofauti baina yake na walimu wake ni kwamba yeye hakumwendea jirani ili amwandike. Alimwendea ili amfundishe kuandika dai. Msaidizi wake aliyekuwa akizunguka mitaani alikuwa Nicholas von Hoffman, na aliyetokea kuwa sauti ya mtaa ni Arthur Brazier, mchungaji wa kanisa la Kipentekoste ambaye hapo kabla hakuwa mtu wa siasa. Mwaka 1961 ikazaliwa jumuiya iliyojiita The Woodlawn Organization.

Kampeni yake ya mwanzo haikuwa dhidi ya chuo kabisa. Ilihusu mizani. Wakazi walikuwa wakilalamika kwamba wachuuzi wa Barabara ya 63 wanawapunja uzito, na rejista za fedha zinazidisha hesabu. Jumuiya ikaweka mizani ya uhakika katika uwanja wa kanisa, watu wakaleta walivyonunua, vikapimwa mbele ya macho, na waliopunja wakatajwa. Maduka yakatia saini mkataba wa biashara ya haki. Mtu anayeona ratili yake ya nyama ikitimia baada ya miaka ya kupunjwa huamini haraka kwamba hata ramani ya jiji inaweza kurekebishwa. Mwaka huo huo wasafiri wa uhuru, wale vijana waliopigwa kusini kwa kupanda basi pamoja weusi na weupe, walialikwa kuhutubia ukumbi wa kanisa moja la Woodlawn. Watu walijaa hadi nje. Agosti 1961 zaidi ya watu 2,000 walipanda mabasi 46 kwenda makao makuu ya jiji kujiandikisha kupiga kura. Meya Richard J. Daley alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hiyo aliielewa.

Humo humo chuoni palikuwa na mwendo. Januari 1962 wanafunzi walikaa nje ya ofisi ya mkuu wa chuo, George Beadle, kwa takriban wiki mbili, baada ya kuthibitisha kwamba nyumba zinazomilikiwa na chuo hicho chenyewe zinawakataa wapangaji weusi. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa kijana wa Brooklyn aitwaye Bernie Sanders, aliyekuja kuwa seneta. Mikataba ya zamani ilikuwa imekufa mahakamani miaka 14 kabla. Mtabiri wa mauti yake hakukisia kwamba ingeendelea kuishi katika droo za ofisi ya nyumba.

Mwaka 1963 Daley aliwaketisha chuo na jumuiya. Yaliyokubaliwa yalikuwa mapya katika historia ya ufufuzi wa miji: jumuiya ipewe wajumbe wengi katika kamati ya wananchi ya kusimamia mpango wa Woodlawn, na nyumba za kodi nafuu zijengwe kwanza kwenye Barabara ya Cottage Grove kabla ya kubomolewa zile za ukanda wa kusini. Chuo kikapata utepe wake, na kikakubali kutoingia kusini zaidi. Hivyo ndivyo Barabara ya 61 ilivyokuwa mpaka. Miaka mitano baadaye, mjini New York, chuo cha Columbia kilitaka kujenga jumba la michezo katika bustani ya umma pembeni ya Harlem, wanafunzi wake na chuo wakiingilia mlango wa juu na watu wa Harlem mlango wa chini. Hapo hapakuwa na makubaliano, palikuwa na ghasia za 1968, na jumba halikujengwa.

Ushindi wa Woodlawn lakini ulikuwa wa kulinda nyumba ambazo muda si mrefu zilianza kuwaka moto zenyewe. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 majengo yaliungua au kuachwa moja baada ya jingine, viwanda vya kusini vikafungwa, mwenye uwezo akahama. Watu zaidi ya 81,000 wa mwaka 1960 walibaki takriban 27,000 mwaka 2000. Mwaka 1997 hata sehemu ya reli ya juu ya Barabara ya 63 ilibomolewa, na safari hii Brazier mwenyewe alikuwa akiunga mkono ubomoaji, akiamini kivuli cha reli kinawafukuza wajenzi. Wapo waliomlaumu mpaka kufa kwake mwaka 2010. Mpaka wa Barabara ya 61 ulikizuia chuo kuingia. Haukuweza kuwazuia watu kutoka. Tena ulikuwa na ubaya mwingine ambao hakuna aliyeutaka: kwa miaka mingi mwanafunzi mgeni alionywa asivuke.

Tangu miaka ya 1990 chuo kilianza kubadilisha lugha yake. Kituo cha kuwapeleka wanafunzi katika huduma za mitaa kilianzishwa mwaka 1996, na aliyekianzisha ni mwanamke aliyekulia South Shore, mtaa jirani wa kusini, bila ya chuo kile kuwa sehemu ya maisha yake: Michelle Obama. Mumewe, mtoto wa Mkenya kutoka Kogelo, alifundisha sheria za katiba humo kuanzia 1992 hadi 2004. Mwaka 1998 chuo kilifungua shule yake ya kwanza ya umma, na nyingine zikafuata, mojawapo Woodlawn. Yote hayo ni mema. Lakini jirani humpima jirani kwa usiku wa dhiki, na usiku wa dhiki wa Woodlawn ulikuwa wa risasi.

Hospitali ya chuo ilikifunga kituo chake cha kutibu majeruhi wazima mwaka 1988, kwa sababu ya hasara. Kwa miaka 30 aliyepigwa risasi mbele ya hospitali hiyo tajiri alichukuliwa na gari la wagonjwa maili nyingi kwenda kwingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Agosti 2010 kijana wa miaka 18, mmoja wa waasisi wa kikundi cha vijana wanaharakati wa Woodlawn, alipigwa risasi isiyomlenga yeye, vitalu vichache kutoka hospitali hiyo. Akapelekwa katikati ya jiji, akafariki. Wenzake hawakuandika rambirambi. Waliandika dai. Kwa miaka mitano waliandamana, wakalala mlangoni, wakafunga barabara, wakakamatwa, wengine ndani ya hospitali mpya iliyofunguliwa 2013 kwa gharama ya dola milioni 700, na wanafunzi wa udaktari wakajiunga nao. Walijibiwa kwamba kituo ni ghali. Kisha kwamba kitafunguliwa mahali pengine, na hospitali nyingine. Kisha, Desemba 2015, kwamba kitafunguliwa pale pale chuoni. Kilipokea majeruhi wa kwanza Mei 2018.

Kufikia wakati huo hoja ilikuwa imehamia kwingine. Julai 2016 ilitangazwa kwamba kituo cha kumbukumbu cha Rais Obama kitajengwa katika Bustani ya Jackson, mlangoni mwa Woodlawn, kwa zabuni iliyotayarishwa na chuo kikuu. Wakazi wengi walifurahi, na wapangaji wakaanza kuhesabu kodi. Vikundi vya mtaa, vingine ni vile vile vya kituo cha majeruhi, vilitaka ahadi za ajira na za nyumba nafuu ziwekwe katika mkataba wenye saini. Septemba 2017 Obama mwenyewe, akizungumza kwa picha ya video mbele ya mkutano wa wakazi, alisema hatatia saini. Aliona kwamba kikundi hiki kikitia, kitatokea kingine kudai kwamba kilisahauliwa. Pengine alisema kweli. Wazee wa Woodlawn waliokumbuka mizani katika uwanja wa kanisa hawakuridhika. Waligeukia Baraza la Jiji, na Septemba 2020, mwaka mmoja kabla ya ujenzi kuanza rasmi, baraza likapitisha sheria ya kulinda makazi ya Woodlawn: sehemu ya viwanja vilivyo wazi vya jiji ijengwe nyumba za watu wa kipato kidogo, na mpangaji apewe haki ya kwanza kununua jengo analokaa likiuzwa.

Nyumba nambari 6140 ya Barabara ya Rhodes, kitalu kimoja kusini ya mpaka, iliandikishwa na jiji kuwa jengo la kumbukumbu mwaka 2010.